Sindano za Mashine Namba Saba

Dada yangu ni mwalimu wa ushonaji, na kwenye darasa lake hupewi sindano mpya mpaka umpelekee ile ya zamani, yote. Ikiwa imevunjika vipande vitatu, unapeleka vitatu. Ukipeleka viwili, darasa zima linapiga magoti na sumaku mpaka cha tatu kionekane, kwa sababu kipande kilichobaki ndani ya kitambaa kitakuja kumchoma mvaaji ambaye hana kosa lolote. Vipande vikitimia, dada anavibandika kwa selotepu kwenye daftari kubwa la jalada gumu, kisha anajaza mstari: tarehe, namba ya mashine, asubuhi au mchana, jina la aliyeshona, na mwisho sababu. Hapo ndipo kasha la sindano linapofunguliwa. Mkuu wa chuo aliwahi kuvunja sindano akijionyesha mbele ya wageni, na yeye alipiga magoti.

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Sindano, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi. Mimi ni mdogo wake, karani wa chuo hicho hicho cha ufundi, na ofisi yangu inatenganishwa na darasa lake na ukuta mwembamba wa mbao. Mengi ninayosimulia hapa nimeyaona kwa macho. Mengine nimeyasikia kupitia ule ukuta, na sioni haya kusema hivyo. Tasnifu yake niliichapa mimi, kila neno, mara tatu. Kwa hiyo mtu akija kuniambia kwamba dada yangu alibahatika tu, nitamwomba akae kitako kwanza anisikilize.

Kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, dada alikuwa na kisa chake. Wanafunzi wapya wakishakaa kwenye mashine zao kumi na nane, anasimama mbele, anavua miwani, anaanza. Kwenye darasa hili hili alikuwapo binti mmoja mwenye mikono ya fundi wa kuzaliwa. Ila mdomo. Mwalimu akamhamishia mashine namba saba, iliyo kando ya meza yake karibu na dirisha, apate kumwona vizuri. Haikusaidia. Mchana mmoja binti anashona huku anapiga domo na jirani yake, sindano ikampitia kidole. Wiki hiyo hiyo akaacha chuo. "Kwa hiyo," dada alimalizia, "kwenye darasa langu mdomo unafungwa, macho yanafumbuliwa."

Alikisimulia vizuri mno, na kila mwaka alikitia chumvi kidogo. Mwaka wa kwanza damu ilikuwa tone moja. Kufikia mwaka wa sita ilikuwa imelowesha gauni zima na kuchuruzika hadi mlangoni. Mimi upande wa pili wa ukuta nilitikisa kichwa nikaendelea na barua zangu. Binti mwenyewe, ambaye wenzake walimbatiza jina la Kidole, hatukujua alikoishia.

Basi ikaja barua. Niliifungua mimi kwa kuwa barua zote za chuo hupitia kwangu, na hii nilitamani kuipoteza. Mwalimu yeyote asiye na shahada ifikapo mwisho wa mwaka ataondolewa darasani na kupangiwa kazi nyingine. Kwa dada kazi yenyewe ilikuwa imeshatajwa: stoo, kugawa vitambaa na nyuzi kwa saini. Miaka ishirini na sita ya kufundisha, halafu stoo. Masomo ya shahada alikuwa ameyamaliza, miaka minne ya vipindi vya jioni. Kilichobaki ni tasnifu peke yake, ambayo kila muhula aliiahirisha kwa kisingizio kipya. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa aproni.

"Mdogo wangu," akasema, "washa hiyo kompyuta."

Aliamua kuandika juu ya jambo analolijua: kwa nini wanafunzi wa ushonaji huvunja sindano na kuumia. Jibu alikuwa nalo tayari. Domo. Yeye alisema, mimi nikachapa, na kwa wiki tatu tulifurahi sana, maana dada akianza kusimulia hata kompyuta inasikiliza. Kurasa sitini. Kidole alikuwamo sura ya kwanza, akarudi sura ya tatu, na hitimisho likafungwa kwa damu yake. Palikuwa na wengine kumi na wawili pia: aliyesinzia, aliyekuwa na haraka zake, aliyekuwa akimtazama mwanafunzi wa useremala nje ya dirisha.

Msimamizi wake alikuwa daktari wa chuo kikuu, kijana wa umri wa kitindamimba wetu, shati limenyooka, na sauti ya chini utadhani yuko maktaba hata anapovuka barabara. Aliirudisha kazi baada ya siku tano. Pembeni ya ukurasa wa kwanza ameandika kwa wino mwekundu: Ushahidi uko wapi? Ukurasa wa pili: Ushahidi uko wapi? Nilihesabu, ilikuwa mara arobaini na moja. Tangu siku hiyo nyumbani tulimwita Ushahidi Uko Wapi, na mpaka leo nikimpigia simu nahofia jina hilo litanitoka.

Dada alikuja juu. Tulikuwa ofisini kwa yule kijana, kwenye viti viwili katikati ya marundo ya tasnifu za watu.

"Ushahidi ni mimi, Daktari. Nilikuwapo. Kile kidole nilikifunga kwa mikono yangu hii."

"Sikatai kwamba lilitokea, Mwalimu," kijana akamjibu bila kupandisha sauti. "Kisa kinanionyesha kwamba jambo lilitokea, mara moja, kwa mtu mmoja. Hakinionyeshi kama hutokea mara nyingi, wala kwa nini. Hapa umeandika wengi huumia kwa sababu ya domo. Wengi ni wangapi? Na umejuaje kama ni domo?"

"Nimejua kwa sababu nina macho."

"Basi nionyeshe macho yamehesabu nini."

Nilidhani atamrushia mkoba. Hakumrushia. Alirudi nyumbani, akafuta visa vyote kumi na vitatu, akajifungia maktaba. Kwa miezi miwili hakuandika neno lake hata moja. Alileta asilimia za viwanda vya mbali, majedwali ya watu tusiowajua, nukuu juu ya nukuu. Mimi nilichapa nikipiga miayo, na siku moja nilisinzia kidole kikiwa juu ya herufi m nikajaza nusu ukurasa. Dada aliposahihisha hakuiona, jambo linalokuonyesha kazi yenyewe ilivyokuwa.

Safari hii msimamizi hakutumia wino mwekundu. Aliandika mara moja tu, kwa penseli, ukurasa wa mwisho: Mwalimu, wewe uko wapi?

"Kila uliyemnukuu humu ameliona darasa lake au kiwanda chake," akatuambia. "La kwako sijaliona. Hesabu za kiwanda cha watu, peke yake, zinanieleza nini kuhusu wanafunzi wako kumi na wanane?"

Dada hakuja juu. Alishukuru, akakusanya makaratasi, tukatoka. Njiani alinyamaza mpaka nikaogopa, kwa sababu namjua tangu tukigombea kitanda kimoja na hajawahi kunyamaza zaidi ya dakika tano. Mwishowe akasema, "Nikiandika nilichokiona mimi, si ushahidi. Nikiandika walichokiona wengine, mimi simo. Huko stoo si pabaya sana, mdogo wangu. Kuna feni." Ilikuwa imebaki miezi minne na nusu mwaka uishe.

Jumamosi iliyofuata aliniomba nimsaidie kupunguza vitu kwenye kabati lake, yaani kujitayarisha kuhama, ingawa hakulitaja neno hilo. Nikavuta mlango uliokuwa umekwama, na yale madaftari ya sindano yakanimwagikia miguuni. Yalikuwa manane, kila mwaka na lake. La tisa, nilipouliza, lilikuwa chini ya mguu wa meza ya kukatia vitambaa, ule mguu mfupi, likiizuia meza isicheze.

Mimi maisha yangu ni mafaili. Nikichukua daftari siwezi kuliacha bila kulifungua. Nililifungua lile la juu, na sindano zikamemeta safu kwa safu chini ya selotepu, kila moja na mstari wake. Nikageuza ukurasa. Nikageuza tena.

"Dada. Hapa kuna tarehe."

"Lazima kuwe na tarehe."

"Na namba ya mashine. Na asubuhi au mchana. Na jina. Miaka tisa, hujaruka hata siku moja."

"Ningerukaje? Watu wangechomwa."

Nilimnyooshea daftari, nikasema kwa sauti ya chini ya maktaba, "Mwalimu, ushahidi uko wapi?" Akakaa kwenye kiti cha mashine iliyokuwa karibu, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Kisha akainuka, akaenda kuliinua lile la chini ya meza, na badala yake akasukuma ile tasnifu ya pili. Ilienea sawasawa.

Tulihesabu kwa Jumamosi tatu, kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na siku za katikati baada ya vipindi. Mimi nasoma, yeye anapiga vijiti vitano vitano kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Jumla ilikuja sindano elfu moja mia moja arobaini na sita. Mashine kumi na saba zilikuwa zimevunja wastani wa hamsini na tano kila moja. Mashine namba saba ilikuwa imevunja mia mbili na kumi na moja.

"Hesabu upya," dada akasema.

Tukahesabu upya. Mia mbili na kumi na moja.

"Si nilikwambia?" Akanyoosha mgongo, sura imeng'aa. "Hapo ndipo ninapowakalisha wapiga domo."

Nami nilitaka iwe hivyo, Mungu ananiona, ili tuchape tumalize. Lakini karatasi ilikuwa na safu mbili na mimi nilikuwa nimeiangalia ya pili. "Asubuhi arobaini na tatu," nikasoma. "Mchana mia moja sitini na nane." Kwenye mashine nyingine asubuhi na mchana zilikaribiana. "Mashine ile ile, wanafunzi wale wale. Domo lao linaanza baada ya chakula?"

Ilikuwa imekaribia saa tisa mchana. Dada alienda mashine namba saba, akakaa, akachukua kitambaa kilichokwisha kubanwa kwa pini, akaanza kushona polepole kama mwanafunzi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Jua likashuka kwenye kioo cha juu cha dirisha, likaangukia bamba la chuma lililo chini ya sindano, na bamba likawaka jeupe. Dada akasimamisha mashine. Aliinamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto.

"Pini sizioni," akasema.

Sindano ikigonga pini, inavunjika. Hilo hata mimi nalijua. Na yeye ndiye aliyeipanga mashine ile pale, miaka yote hiyo, akaketisha hapo kila mpiga domo na kila aliyemwona dhaifu, apate kumsaidia.

Aliamka akalichukua daftari la tatu, akalipekua mpaka akaupata mstari alioutaka. Vipande vitatu, kimoja kina doa jeusi. Mashine namba saba. Mchana. Na kwenye safu ya mwisho, kwa mwandiko wake mzuri: domo. Akateremsha kidole kwenye safu ile ukurasa mzima. Domo, domo, usingizi, domo, haraka, domo. Neno jua halikuwapo hata mahali pamoja.

Msimamizi alipoyaona madaftari yale alisimama kutoka kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake halisi. "Mwalimu," akasema, "watu wanatembea nchi nzima wakitafuta kitu kama hiki, wewe umekiweka chini ya meza." Akayafungua moja moja, kwa vidole viwili, akiogopa kuchomwa. Halafu akafika safu ya sababu, akainua kichwa. "Hii usiihesabu pamoja na nyingine. Tarehe ni tarehe, na mashine ni mashine. Safu hii haituambii kwa nini sindano ilivunjika. Inatuambia mwalimu alifikiri nini."

Dada akanigeukia. "Iandike hivyo hivyo," akaniambia, na nikaandika.

Kijana hakuishia hapo, na leo namshukuru. Akauliza: je, wanafunzi dhaifu na wapiga domo hawavunji zaidi hata pasipo jua? Dada akamwonyesha asubuhi: arobaini na tatu, juu ya mashine nyingine, lakini mbali sana na mia moja sitini na nane za mchana. Sawa, akasema, mtakata jua halafu mtatazama. Dada akashona pazia zito kwa mkono wake, pindo mbili, akalitundika, na kwa wiki nane mashine ikabaki pale pale, na wanafunzi wale wale. Miaka ya nyuma, katika wiki kama hizo, mchana wa mashine namba saba haukuwahi kupungua sindano tatu. Safari hii ilivunjika moja, na hiyo ni kwa sababu mwanafunzi aliifunga upande. Dada akataka niandike kwamba pazia limekomesha tatizo. "Andika limepungua," msimamizi akasema. "Wiki nane ni wiki nane." Dada alinung'unika siku mbili, kisha akaandika limepungua.

Likabaki suala la Kidole. Mimi nilisema wazi: mtoe. Namba zinatosha, na nani atajua? Dada naye alikuwa ameshamtoa, kwa aibu. Tulimwambia msimamizi hivyo, tukitegemea atafurahi, maana si yeye aliyevikataa visa?

"Sikuvikataa," akasema. "Nilikataa visimame peke yake. Mia moja sitini na nane ni namba tu, msomaji anaipita. Akikiona kidole kimoja kwanza, hataipita. Ila kiwe kisa cha kweli, kwa ukubwa wake, na mwenyewe akubali."

Mwenyewe akubali. Dada alinitazama, nami nikajua kazi ni yangu. Fomu za zamani zinakaa kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti changu; nilipata namba ya shangazi yake, shangazi akanipa ya kwake. Kumbe yuko mitaa minne kutoka chuoni. Ana duka la kushona, mashine tano, na kwenye kioo cha mbele sanamu limevalishwa suti ambayo dada aliitazama mishono yake kabla hajaingia. "Bega limekaa," akanong'ona, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

Kidole sasa ni mama mtu mzima, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alitutambua mara moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Dada hakusubiri kiti. "Nimekuja kukuuliza neno ambalo nilitakiwa nikuulize siku ile ile. Ilikuwaje?"

Yule mama akautazama mkono wake. Kovu lilikuwa dogo kama kichwa cha pini. "Jua lilinipiga machoni," akasema. "Bamba linawaka, pini siioni. Nikamgeukia mwenzangu nikamwambia, hebu niangalizie pini iko wapi. Wakati nasubiri anijibu, mashine bado inaenda, nikawa naipapasa kwa kidole."

"Kwa hiyo lile domo..."

"Nilikuwa naomba msaada, Mwalimu. Ukaniambia nifumbue macho. Nilikuwa nimeyafumbua."

Mashine zote tano zilikuwa zimesimama. Nilitamani ardhi inimeze, na mimi sikuwa nimefanya kitu. Dada alisimama wima, akasema, "Nilikukosea, mwanangu. Na nimekusimulia vibaya miaka yote. Naomba unisamehe."

"Kidole kilipona baada ya wiki mbili," yule mama akasema. "Sikuacha chuo kwa ajili yake. Niliacha kwa sababu ulinisema mbele ya watu wala hukuniuliza. Nilikasirika muda mrefu. Baadaye nikawa na mafundi wangu mwenyewe, nikaona jinsi mtu unavyokuwa mwepesi wa kusema." Akavuta daftari kutoka chini ya kaunta, akalifungua. Sindano safu kwa safu, selotepu, tarehe, namba. "Hili nililiiga kwako. Ila safu ya mwisho niliibadilisha." Juu yake palikuwa pameandikwa: Aliyeshona anasemaje.

Dada aliisoma safu ile kutoka juu hadi chini.

"Unaruhusu nikuandike?"

"Niandike. Lakini andika yote, na hilo la kutoniuliza. Halafu ile damu iliyofika mlangoni uitoe." Hapo akacheka. "Nusu ya mafundi wangu wamesoma kwako, Mwalimu. Nasikia kila mwaka naongezewa."

Tasnifu ya tatu niliichapa bila kupiga miayo. Ilifunguliwa na ukurasa mmoja na nusu: binti, jua, pini asiyoiona, swali kwa jirani, na mwalimu aliyeandika domo. Tone moja la damu. Baada ya hapo yakaja madaftari, na majedwali niliyoyanyoosha mpaka mistari ikalingana, na wale wataalamu wa mbali wakarudi wachache, kila mmoja pale alipokuwa na neno la kusaidia.

Siku ya utetezi ilikuwa wiki ya mwisho ya masomo. Nilikaa nyuma ya ukumbi pamoja na Kidole, aliyefunga duka lake kwa ajili hiyo. Watahini walikuwa watatu, na wa kuogopwa ni yule wa nje, aliyeletwa kutoka chuo kingine, mama mwenye mvi na kalamu ndefu; mwanafunzi aliyemtangulia dada alitoka mbele yake amebeba viatu mkononi, sijui kwa nini. Aliuliza mengi na dada akajibu. Kisha akaiweka kalamu mezani.

"Una sindano elfu moja na zaidi. Hiyo ni kazi nzuri. Sasa kwa nini uniwekee hadithi ya kidole kimoja mwanzoni? Hapa ni chuo kikuu."

Niliiona stoo, na feni yake.

Dada akavua miwani, kama anavyofanya siku ya kwanza ya masomo. "Kisa hiki nilikisimulia miaka mingi bila daftari," akasema. "Kilikuwa kitamu, kila mtu alikiamini, na kilikuwa cha uongo. Daftari ndilo lililonisahihisha. Lakini daftari nalo lilikaa kabatini na chini ya meza miaka yote hiyo na halikumwambia mtu kitu. Mtahini, wewe mwenyewe, ulipousoma ule ukurasa wa kwanza ulifanya nini?"

Yule mama akafikiri kidogo. "Nilitafuta jedwali la mashine namba saba."

"Basi ndiyo kazi yake. Na mwenye kidole yuko pale nyuma. Nikitia chumvi atanyoosha mkono."

Kidole akaunyoosha mkono palepale, kwa ajili ya kuonyesha tu, na ukumbi ukacheka, mtahini wa nje akiwa wa kwanza. Baada ya hapo watatu wote waliondoka kwenye viti vyao wakaja mezani kuyaangalia madaftari, wakainama vichwa pamoja, na mwenye mvi akagusa kwa ncha ya kidole kile kipande chenye doa. Walitutoa nje kwa robo saa. Tuliporudi wakasema amefaulu, kwa alama za juu, na masahihisho mawili tu, koma mbili. Koma hizo ni zangu, nakiri. Nilipiga kigelegele kwenye korido ya chuo kikuu, karani mzima na pochi yangu mkononi, na sijuti. Dada alinishika mkono akiniambia ninyamaze huku yeye mwenyewe analia.

Mkuu wa chuo alinipa barua ya kuchapa kesho yake: Mwalimu wa ushonaji ataendelea na darasa lake. Niliichapa mara mbili, moja nikaiweka kwangu.

Mwaka mpya ulipofunguliwa nilisogeza kiti changu karibu na ukuta, kisha nikaona upuuzi, nikaenda kusimama mlangoni kwake. Pazia lilikuwa limeshushwa. Daftari la kumi lilikuwa wazi juu ya meza, na safu ya mwisho imeandikwa kichwa kipya: Aliyeshona anasemaje. Dada alivua miwani, akasimulia kisa cha binti aliyeomba msaada na mwalimu asiyeuliza. Tone moja. Alimtaja mwalimu huyo kuwa ni yeye.

Kisha akakaa mashine namba saba kuwaonyesha mshono wa kwanza, na hapo kichwa kikamvimba kidogo. Alianza kuwaeleza kuhusu tasnifu, na yule mtahini mwenye mvi, na alama za juu, uso amewageuzia wao na mikono ikiendelea na kazi. Tulisikia mlio mmoja mkavu. Sindano.

Dada akainuka, akachukua sumaku, akapiga magoti yeye mwenyewe, na darasa zima likapiga magoti naye. Vipande vitatu vilipatikana. Binti mmoja wa kiti cha mbele akavibandika, akajaza tarehe, namba saba, asubuhi. Kalamu ikafika safu ya mwisho ikasimama, naye akamtazama mwalimu wake kwa adabu zote.

"Mwalimu, aliyeshona anasemaje?"

Dada akaangalia dirisha. Pazia lilikuwa limefungwa vizuri na jua lilikuwa upande wa pili wa jengo. Akaniangalia mimi mlangoni, na nilikuwa tayari nimeziba mdomo kwa mkono.

"Andika," akasema. "Domo."